Ramani za simu zituambie SABABU ya njia, si kutuchorea mstari tu (Malindi na Lamu)

Jamani, tumevumilia vya kutosha. Mtu akitoka Malindi kwenda Nairobi, simu inampitisha Sala Geti na kumwambia ndiyo njia ya haraka zaidi. Haraka kuliko ipi? Kwa kasi gani? Haisemi. Haisemi kwamba ile ni hifadhi ya wanyama ya Tsavo Mashariki, kwamba kuna kiingilio, kwamba geti hufungwa saa 12 jioni, wala kwamba bodaboda hairuhusiwi ndani. Anayeyagundua hayo ni mgeni aliyefika getini giza limeingia, watoto wamelala nyuma, na petroli ya kurudi hana.

Na nyinyi mnaotengeneza ramani hizi, msituambie eti hesabu ni ngumu kueleza. Programu hizi hukata barabara vipande vipande na kukipa kila kipande gharama, yaani muda: urefu ukigawanywa kwa kasi. Kisha hutafutwa mfuatano wenye jumla ndogo kabisa, kwa kanuni aliyoichapisha mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra mwaka 1959. Siku hizi nyingi hutumia mikato iliyokokotolewa mapema, yaani vipande vingi vikiunganishwa kuwa kimoja, ili jibu lije upesi, lakini mstari hauchoreki mpaka mikato hiyo ifumuliwe tena iwe vipande. Kwa hiyo gharama ya kila kipande ipo. Hawataki tu kutuonyesha.

Ubovu unaanzia kwenye kasi. Chukua OSRM, programu ya kutafuta njia ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mpangilio wake wa kawaida wa gari huipa barabara ya daraja la pili kilomita 55 kwa saa. Aliyeichora barabara hiyo kwenye ramani akiandika kwamba haina lami, inashuka hadi 40. Akiandika tope, 10. Asipoandika chochote inabaki 55, kana kwamba ni lami safi! Sasa piga hesabu ya kilomita 100 za murram mbugani: kwa 55 ni saa 1 na dakika 49; kwa 40, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa humo, ni saa 2 na nusu. Dakika 41 zimeliwa na nafasi moja iliyoachwa tupu kwenye data, nazo zinatosha kabisa geti likufungie ndani.

Mpaka wajirekebishe, weka Mariakani, iliyo kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kama kituo cha katikati, ikupitishe Mavueni na Kaloleni badala ya mbugani, halafu soma muda wa njia zote mbili. Kile kipande unachokitilia shaka, gawanya kilomita zake kwa saa. Ukipata zaidi ya 50 kwenye murram, muda huo ni wa kubuni, na wakati wa masika ndio kabisa usiuguse. Kitufe cha kukwepa barabara za kulipia usikitegemee: kinaangalia ushuru wa barabara, na kiingilio cha hifadhi ni kitu kingine kwenye data.

Lamu ndiyo balaa yenyewe. Gari linaishia gati ya Mokowe, upande wa bara. Ukitafuta nyumba ya Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu, programu huibandika kwenye barabara iliyo karibu nayo kwa mstari ulionyooka, bahari haihesabiki, ikakutangazia umefika nawe ungali bara. Na pale inapoijua boti, huipa dakika zile zile asubuhi na jioni, maji yamejaa au yamekupwa. Kila nahodha anajua kwamba maji yakipwa, hasa ya bamvua, boti yenye shehena inayokwenda kisiwa cha Pate haipiti Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Ama ingoje, ama izunguke nje ya Manda. Hiyo si dakika chache, ni nusu ya siku ya mtu anayempeleka mgonjwa.

Tunachodai ni maandishi machache chini ya mstari: njia ya pili ni ipi, zinaachana wapi, hii inaokoa dakika ngapi, kasi ya kipande gani ni ya kukisia, na ni geti au kivuko gani chenye saa zake. Mwenye picha ya skrini ya njia iliyompeleka kusiko aiweke hapa, pamoja na saa aliyoiomba na aina ya chombo, tuwapelekee zote kwa pamoja.