Gumzo la ukoo: Shangazi yuko Ugiriki

*Jumatatu*

Shangazi Zuhura: Assalaam aleikum wana ukoo. Tumefika Athens salama. Saa za huku kwa msimu huu ni zilezile za kwetu, kwa hiyo asijifanye mtu kaogopa kuniamsha. Kesho tunapanda Acropolis, kile kilima cha mahekalu ya kale.

Mama Rama: Waaleikum salaam wifi. Alhamdulillah. Umekula lakini?

Shangazi Zuhura: Nimekula. Mkate, jibini na zeituni mpaka basi.

Jumaa: Shikamoo shangazi. Tupia picha basi

Babu Athumani: Zuhura mwanangu huko ndiko walikotoka wale Wagiriki wa mashamba ya mkonge

Shangazi Zuhura: Shikamoo baba. Ndiko huku huku.

Babu Athumani: Marahaba. Wasalimie. Ila yule bwana shamba wetu usimsalimie

Jumaa: 😂😂😂

*Jumanne*

Shangazi Zuhura: [picha 4]

Shangazi Zuhura: Hiyo ndiyo Parthenon. Kiingilio yuro 30, na tiketi imeandikwa saa, ukichelewa shauri yako. Tuliingia saa mbili asubuhi kabla jua halijakolea. Njia ya kupandia ni marumaru iliyolainishwa na miguu ya watu, inateleza kama ina sabuni. Bibi mmoja wa kundi letu alivaa ndala, tukamshika mkono kwenda na kurudi.

Mwanasha Mombasa: Mashallah. Lakini shangazi, nyumba yenyewe mbona yaonekana kama imepigwa bomu?

Shangazi Zuhura: Imepigwa kweli, mwanangu. Ilijengwa kati ya 447 na 432 KK, enzi za kiongozi wao Pericles, hekalu la mungu wao wa kike Athena. Baadaye ikawa kanisa, kisha Waturuki walipotawala ikawa msikiti. Miaka yote hiyo ilikuwa imesimama karibu nzima. Sasa mwaka 1687 jeshi la Venice likauzingira mji, Waturuki wakaweka baruti mle ndani. Tarehe 26 Septemba kombora likatua juu yake. Nguzo za katikati zote chini.

Babu Athumani: Baruti ndani ya msikiti

Shangazi Zuhura: Ndiyo baba. Walidhani Wavenice hawatathubutu kupiga jengo kama lile.

Mama Rama: Vita havina adabu.

Jumaa: Sasa mbona bado naona vyuma vya mafundi? Tangu 1687 hawajamaliza?

Shangazi Zuhura: Ukarabati huu ulianza 1975, na una kisa. Mafundi wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliunganisha mawe kwa vyuma vitupu. Vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru. Wale wa kale vyuma vyao walivimiminia madini ya risasi pembeni maji yasiingie, na vingi vilidumu. Kwa hiyo sasa wanafumua kazi ya babu zao, wanaweka vya titani, madini yasiyoshika kutu, jiwe kwa jiwe.

Jumaa: Duh. Fundi wa miaka 2,400 iliyopita kamshinda wa juzi

Jumaa: Ila shangazi usinichukie. Hela yote hiyo, nauli, viza, hoteli, halafu ni mawe? Yutubu yapo bure na drone juu

Mama Rama: Jumaa!

Shangazi Zuhura: Mwache. Hata mimi nilipofika pale juu nilijiuliza hivyo hivyo dakika tano za kwanza. Nguzo, mawe, watu wanapiga selfi, mlinzi anapuliza filimbi kila mtu akigusa ukuta.

Shangazi Zuhura: Halafu mama anayetuongoza akamwambia kijana mmoja: weka kofia yako kwenye ngazi, kona ya mwisho. Akampeleka mwenzake kona nyingine, kama mita 70 hivi, akamwambia chutama, macho usawa wa ngazi, tazama kofia. Haionekani kofia wala nini. Kumbe ile ngazi haijanyooka, ina mgongo, katikati imenyanyuka kama sentimita 11. Na nguzo zimenenepa kidogo tumboni, na zote zimeegemea ndani. Wamelipinda jengo zima kwa makusudi ili jicho lilione limenyooka. Yutubu nimeitazama sana kabla ya kuja, hilo sikuliona.

Jumaa: Hapo sawa

Mwanasha Mombasa: Huyo mama ni wa kampuni ama mlimpata hapo nje?

Shangazi Zuhura: Wa kampuni. Lakini huku huokoti mtu mlangoni akuongoze. Sheria inataka awe na leseni ya serikali, na kuipata lazima akasomee. Kitambulisho anacho shingoni. Kila mtu kwenye kundi ana kidude cha sikioni, yeye anasema polepole kwenye kipaza sauti, hata ukibaki nyuma unamsikia. Nimefundisha historia maisha yangu yote na sijawahi kuwa na darasa tulivu namna hii.

Shangazi Zuhura: Jioni tulishuka makumbusho ya Acropolis, yalifunguliwa 2009. Ghorofa ya juu wamepanga michoro ya mawe iliyozunguka hekalu, kwa vipimo vilevile. Ya asili ina rangi ya asali. Halafu unakuta vipande vyeupe pee vya plasta. Hivyo ni nakala, vya asili vingi viko London. Lord Elgin, balozi wa Uingereza, alivibandua mwanzoni mwa karne ya 19, serikali ya Uingereza ikavinunua 1816. Mama wa watu hakulaumu, alituambia tu: hesabuni nyeupe.

Jumaa: Kama mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, yuko zake Berlin

Babu Athumani: Yule arudi Lindi

*Jumatano*

Shangazi Zuhura: Leo basi tangu alfajiri. Tumesimama mfereji wa Corinth dakika kumi tu, picha, choo, kahawa. Nero, mtawala wa Warumi, alianza kuuchimbisha mwaka 67 baada ya Kristo, ukamalizika 1893.

Jumaa: Mkandarasi aliomba kuongezewa muda 😂

Shangazi Zuhura: [video]

Shangazi Zuhura: Huu uwanja wa maigizo uko Epidaurus, wa karne ya 4 KK, mstari wa juu kabisa ni wa 55. Wanakaa watu zaidi ya elfu kumi. Sikilizeni mpaka mwisho, mama anayetuongoza anachana karatasi pale chini katikati.

Mwanasha Mombasa: Mimi nasikia upepo na mtu akohoa

Shangazi Zuhura: Huyo aliyekohoa alikuwa mbele yangu, Mungu anamwona. Makofi niliyasikia safi kabisa, na alipozungumza kwa sauti ya kawaida nilipata kila neno. Ile ya sarafu ikianguka, wanayoisifu kwenye kila kitabu cha watalii, mimi sikuisikia. Nikamwambia. Akacheka, akasema Waholanzi walikuja na vipimo vyao, 2017 wakatoa majibu yanayokaribia yangu: huku juu huwezi kutambua kuwa ni sarafu. Nilimpenda zaidi kwa hilo, angeweza kunidanganya.

Mama Rama: Walijenga porini hivyo kwa ajili ya maigizo tu?

Shangazi Zuhura: Hapana wifi, palikuwa pa kutibia. Mungu wao wa tiba, Asklepios. Mgonjwa anajitakasa, anatoa sadaka, usiku analala kwenye jumba maalumu akisubiri mungu amjie ndotoni. Akipona anaandikisha kisa chake kwenye jiwe. Yapo makumbusho, nimeyaona.

Babu Athumani: Waganga wetu nao wangeandika tungewajua waongo mapema

Shangazi Zuhura: Mchana Mycenae. Huko ni kukongwe zaidi, lango la simba ni la mwaka 1250 KK au karibu na hapo. Simba wawili wa jiwe wamesimama, vichwa hawana. Vilichongwa kando vikapachikwa, na vimepotea. Mawe ya ukuta ni makubwa mno, Wagiriki wenyewe wa baadaye wakasema yamejengwa na majitu ya jicho moja. Chini yake kuna kaburi la duara, paa limepanda kama mzinga wa nyuki, na jiwe la juu ya mlango wake lina tani 120 hivi. Jumaa, wewe na winchi zako nieleze walilipandishaje.

Jumaa: Tani 120?? Bandarini hapo tunaita mashine maalumu

*Alhamisi*

Shangazi Zuhura: Olympia, ilikoanzia michezo ya Olimpiki. Kuna miti, kivuli, ndege. Hekalu la Zeus, mungu wao mkuu, limelala chini, nguzo zimeanguka kwa tetemeko na vipande vimepangana vile vilivyodondoka. Mle ndani ndimo ilimokuwa sanamu ya Zeus ya dhahabu na pembe za ndovu, kazi ya mchongaji Pheidias, mita 12 kwenda juu.

Mwanasha Mombasa: Pembe za kwetu hizo!

Shangazi Zuhura: Taratibu. Sanamu ni ya karne ya 5 KK. Yule baharia aliyeandika kwa Kigiriki kuhusu pwani yetu, soko la Rhapta, mashua za kushonwa na pembe zinazonunuliwa pale, ni wa karne ya 1 baada ya Kristo. Kati yao kuna miaka mingi. Siwezi kusema za Zeus zilitoka kwetu.

Mwanasha Mombasa: Mwalimu ni mwalimu tu 🙌

Shangazi Zuhura: Uwanja wa mbio una mita 192. Mstari wa kuanzia ni mawe yenye mifereji miwili ya kukita vidole vya miguu, bado ipo. Wazungu wa kundi wakasikia natoka Afrika Mashariki, wote wakanigeukia, wakidhani mimi ni Kipchoge. Nikawaambia hao ni majirani zetu wa bonde la ufa, mimi mtu wa Tanga. Nimetembea mpaka mwisho, nikarudi natembea.

Shangazi Zuhura: Kilichonifurahisha ni njia ya kuingilia uwanjani. Mwanamichezo akihonga au akihongwa anapigwa faini, hela ya faini inatengeneza sanamu ya shaba ya Zeus, na chini yake linaandikwa kosa lake. Ya kwanza ni ya 388 KK, bondia aliwahonga wenzake. Zimepangwa pale pale mlangoni, kila anayeingia kushindana apite mbele yake. Sanamu zimepotea, misingi ipo.

Babu Athumani: Hiyo waletewe watu wa mpira wa hapa

*Ijumaa*

Mama Rama: Wifi kimya leo?

Shangazi Zuhura: Tulikuwa njiani, tumevuka daraja la Rio, kisha milima. Sasa niko Delphi. Niacheni niandike, ni ndefu.

Shangazi Zuhura: Huku wafalme walikuja kuaguliwa. Kuhani wa kike anakaa ndani ya hekalu la mungu wao Apollo, anatoa jibu la kuzungukazunguka. Mfalme Croesus wa Lydia aliambiwa akiingia vitani ataangusha dola kubwa. Akaingia. Iliyoanguka ni yake. Juu ya mahali hapa palikuwa na kijiji, watu wanaishi, Wafaransa walipotaka kuchimba kuanzia 1892 kijiji kizima kikahamishwa. Haya yote kila mwongozaji anayasema.

Shangazi Zuhura: Lakini chini ya hekalu kuna ukuta wa mawe yaliyochongwa kona kona, yamefungamana bila saruji. Watu wote wanaupita wakikimbilia nguzo. Nikaona una maandishi madogo madogo, umejaa, kama daftari. Nikauliza. Mama akasimamisha kundi, akaniambia: hizo ni hati za watumwa walioachwa huru. Mamia, kuanzia karne ya 2 KK.

Shangazi Zuhura: Mtumwa haruhusiwi kujinunua mwenyewe. Basi anauzwa kwa Apollo. Fedha anazitafuta yeye, anapewa bwana wake, na mungu hana kazi ya kumpa, kwa hiyo yuko huru. Inaandikwa jina la mtumwa, bei, mashahidi. Ya wanawake ni mengi. Halafu soma masharti: baadhi yao lazima waendelee kumtumikia bwana mpaka bwana afe. Umelipa, umeandikwa kwenye ukuta wa mungu, na kesho asubuhi unarudi kuteka maji.

Mwanasha Mombasa: Subhanallah

Babu Athumani: [ujumbe wa sauti 0:52]

Mama Rama: Babu anasema bibi yake alimsimulia habari za karatasi za uhuru Pangani. Anataka picha ya huo ukuta, ya karibu, yasomeke maandishi.

Shangazi Zuhura: [picha 6] Hizo baba. Kupiga picha wanaruhusu, kugusa ndiyo marufuku.

Babu Athumani: Nimeziona. Hao hawakujengewa nguzo

Jumaa: Shangazi, na mimi mwakani nataka. Kundi au niende mwenyewe nikodi gari?

Shangazi Zuhura: Makumbusho unaweza mwenyewe, vitu vina maelezo. Mycenae, Olympia na Delphi chukua mwongozaji mwenye leseni, na uliza kabla ya kulipa kundi lina watu wangapi. Viatu vya soli ya kung'ata, si hizo raba zako nyeupe. Ingia asubuhi milango inapofunguliwa. Na uwe muulizaji, wakinyamaza wote uliza wewe. Kampuni yetu wana kosa moja, chakula cha mchana wanakupeleka kwa rafiki yao, bei mara mbili. Beba mkate.

Jumaa: Naomba namba ya kampuni

Shangazi Zuhura: Nakutumia pembeni. Anza na viza kwanza, mimi yangu ilinitoa jasho.

Mama Rama: Na wifi, mafuta ya zeituni usisahau. Lita mbili.