Matembezi ya Jumamosi: kupitia msituni hadi Villa Hügel

Shangazi: Shikamooni wakubwa, na ninyi wadogo hamjambo. Naomba tukubaliane leo kuhusu Jumamosi, kwa sababu wageni wetu wanaondoka Essen, hapa Ujerumani, Jumapili na sitapenda waage wakiwa wameona maduka tu. Napendekeza tutembee katika misitu ya upande wa kaskazini wa ziwa Baldeney, tupitie magofu ya ngome ya Isenburg na mwamba wa Korte-Klippe, ambako mtu huliona ziwa chini yake, kisha tumalizie Villa Hügel, jumba la zamani la familia ya Krupp. Kituo cha treni cha Essen-Hügel kiko chini ya kilima hicho hicho, hivyo kurudi hakutatusumbua.

Binamu: Shikamoo Shangazi. Ipo njia iitwayo BaldeneySteig ambayo hulizunguka ziwa kwa takriban kilomita 27. Kwa nini tusiimalize yote kwa siku moja?

Mama Mdogo: Wewe na miguu yako unaweza, mwanangu. Njia ile hupanda na kushuka vilima mara kwa mara, na tutakuwa na watoto. Kipande cha kaskazini kinatutosha kabisa.

Mjomba: Namuunga mkono Mama Mdogo, na tena naomba tuanzie msituni wala tusianzie kwenye nyumba. Alfred Krupp, tajiri wa viwanda vya chuma aliyeijenga kati ya 1870 na 1873, alikuta kilima kisicho na miti mingi, na kwa kuwa umri ulikuwa umemwendea hakutaka kusubiri miche ikue. Aliagiza miti iliyokomaa ing'olewe kwingine pamoja na mizizi yake, isafirishwe na kupandwa upya, ili apate kuuona msitu wake akiwa hai. Kila ninapopita pale huwawazia zaidi vibarua walioibeba miti ile kuliko mwenye nyumba.

Dada: Kwa hiyo, Mjomba, msitu wote tutakaoupita ulipandwa na yeye?

Mjomba: La, nazungumzia bustani inayoizunguka nyumba, yenye ukubwa wa hekta 28 hivi. Msitu wa Schellenberg tutakaotokea ni jambo jingine. Utatambua mwenyewe, maana ukitoka kwenye njia nyembamba yenye mizizi na majani yaliyooza utajikuta kwenye nyasi zilizokatwa, na miti imesimama mbalimbali kama wageni waliopangiwa viti. Hata ziwa, Krupp hakuliona kamwe: alifariki mwaka 1887, na ziwa lilitokea mto Ruhr ulipozuiwa kwa bwawa kati ya 1931 na 1933. Yeye alikuwa akitazama mto na bonde lake.

Binamu: Je, ndani kuna la kuona, au ni kuta tu?

Mjomba: Kuna vyumba 269, na kwa maoni yangu ukubwa huo unachosha zaidi ya kupendeza. Linalonivutia ni hofu ya mwenyewe: aliogopa moto sana, akataka nyumba ya mawe na chuma, na akajishughulisha mno na mitambo ya kupasha joto na kupitisha hewa, ambayo iliwasumbua wakazi kwa miaka mingi. Mfalme wa chuma akatetemeka kwa baridi ndani ya jumba lake!

Babu: Nimewasoma wote. Mnasifu miti na vyumba, lakini hakuna aliyesema fedha hizo zilitoka wapi.

Mjomba: Umeuliza swali zuri, Baba. Zilitoka kwanza kwenye magurudumu ya reli yasiyo na kiungo, kisha kwenye mizinga iliyouzwa kwa mataifa mengi. Katika Vita Vikuu vya Pili viwanda vya Krupp vilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso, na mwaka 1948 mahakama ya Nuremberg ilimhukumu Alfried Krupp, kitukuu wa mjenzi, kifungo cha miaka 12. Aliachiwa mwaka 1951. Nyumba ilikuwa mikononi mwa Washirika, yaani mataifa yaliyoishinda Ujerumani, tangu 1945, ikarudishwa kwa familia mwaka 1952, na mwaka uliofuata ikaanza kupokea maonyesho ya sanaa.

Babu: Basi watoto waambiwe hayo wakiwa bado njiani, kabla hawajaziona ngazi na mazulia. Wakishapumbazwa na mapambo hawatasikia.

Mama Mdogo: Ni kweli kabisa, Baba. Nitawaeleza mimi tukipumzika pale Korte-Klippe, kwa lugha inayowafaa umri wao.

Shangazi: Tumekubaliana, basi. Tutaanza asubuhi na mapema ili tufike kwenye nyumba kabla ya milango kufungwa, na nitahakikisha saa za kufunguliwa leo jioni, ingawa Jumatatu ndiyo siku yao ya kufunga. Baba hatapanda vilima. Binamu atamsindikiza kwa treni hadi Essen-Hügel, nao watatusubiri bustanini. Kila mmoja avae viatu vyenye soli ya kushika, kwa sababu mvua imenyesha tangu jana na mteremko wa kutoka Isenburg huwa na utelezi mwingi.

Binamu: Nimekubali, Shangazi, ila nitarudi siku nyingine kuzimaliza zile kilomita 27.