VT za 11 kV zinasoma 108, 108 na 188: volteji ya laini ni ipi?

Korona_Pongwe
Habari wakuu. Paneli ya 11 kV inayolisha mota za korona (mashine ya kuchakata mkonge) huku Pongwe, Tanga, ina mita yetu ya ndani (si ile ya TANESCO). Inachukua volteji kwenye VT (transfoma za kupimia volteji) mbili za 11000/110, yaani 11,000 V juu na 110 V chini, zilizofungwa kwa mtindo wa V. Vipimo vya upande wa 110:

a-b 108.6, b-c 108.4, c-a 188.0
kwenda ardhini: a 108.6, b 0, c 108.4

Nikizidisha 108.6 kwa 1.732 halafu kwa 100 napata 18.8 kV, na c-a nayo inatoa 18.8 kV ileile. Ndiyo volteji ya laini (kati ya fezi mbili)? Na je, b imekatika fyuzi? Mfuatano wa fezi ni a-b-c. Mita inahesabu mbele, ila uniti zake hazifiki nusu ya zile za TANESCO.

Mita_Chumbageni
Mkuu, 1.732 iweke kando kabisa. Inatumika pale umepima fezi na nyutro, nawe unataka laini. VT za V hazina nyutro. Kila moja imekaa kati ya laini mbili, kwa hiyo a-b tayari ni ya laini. Zidisha kwa uwiano tu, 11000 ÷ 110 = 100 (herufi kubwa ni upande wa 11 kV):

A-B = 10,860 V
B-C = 10,840 V

Hizo ziamini. Kufanana kwa 18.8 na 18.8 kusikupoteze, kunatokana na kosa la waya ambalo nalo huzaa 1.732.

Wenye VT tatu za nyota mjihadhari na jambo jingine: fezi inasoma 63.5, lakini uwiano bado ni 100. Ukiingiza 11000 ÷ 63.5 kwenye mita, kila kitu kinapanda kwa 73%.

Raskazone_HV
VT moja imegeuzwa polariti, yaani ncha zake mbili zimebadilishana. Hakuna VT iliyokaa kati ya C na A. Kipimo chenu cha c-a kinapatikana kwa kuunganisha zile mbili. Zikiwa sahihi inatoka 108 hivi. Moja ikigeuka, pembe kati ya volteji zake mbili inabadilika na unapata 108 × 1.732, yaani 188.

C-A halisi unaweza kuipata hata kabla ya kurekebisha:

2 × (108.6² + 108.4²) − 188.0² = 11,745
kipeuo cha pili = 108.4, sawa na 10,840 V

Laini zenu ziko vizuri sana. Kinachoumia ni uniti. Mita ya elementi mbili (inayopima kwa volteji mbili, a-b na c-b) ikigeuziwa volteji moja, pawafakta (uwiano wa kilowati na kVA) ikiwa 0.8 inasoma takriban 43% ya kilowati halisi. Pawafakta ikifika 1 inasoma sifuri. Kwa mzigo wa mota kama wenu, VT ya B-C ikigeuka mita hurudi nyuma. Yenu inakwenda mbele, kwa hiyo anza na VT ya A-B.

Mita_Chumbageni
Kuhusu b: 0 ndiyo inavyotakiwa, b ndiyo imefungwa ardhini. Fyuzi ya a ingekatika, mzigo wa mita ungeivuta a hadi b: a-b ingeshuka karibu na 0, c-a ibaki 108. Na ona kwamba vipimo vya ardhini vyenu ni safi kabisa ilhali kosa lipo. Pima jozi zote tatu, kila mara.

Korona_Pongwe
Asanteni sana. Narekebishaje?

Raskazone_HV
Zima na utenge 11 kV, hakikisha haina umeme, funga ardhi, kisha chomoa fyuzi za pande zote mbili za VT. Za upande wa 110 usizisahau: umeme ukirudi kupitia huko, VT inapandisha hadi 11 kV, na hiyo inaua.

Fuata waya wa VT ya A-B kutoka herufi A, B za juu hadi a, b za chini. Usiangalie chini peke yake, kwani kama VT ya pili imefungwa C-B juu, b na b kuunganishwa ni sahihi. Geuza waya mbili za chini za VT yenye kosa, na ardhi ibaki kwenye fezi ya b.

Ukiwa umefungua, safisha vishikio vya fyuzi. Chumvi ya pwani huviotesha kutu ya kijani. Mzigo wa 22 VA huvuta 0.2 A, na ukinzani wa ohm 5 unakula volti 1, yaani 0.9%. Hiyo inazidi kosa lote linaloruhusiwa VT ya klasi 0.5, yaani 0.5%. Ukiwasha, pima kwenye VT na kwenye vituo vya mita vilevile.