Mpwa wangu ananiibia dukani. Nimfukuze au nimpeleke polisi?

Mzee Vipuri, Jumapili saa 3:10 usiku
Habari zenu wanajukwaa. Nina duka dogo la vipuri vya magari hapa Kampala. Januari nilimtoa mtoto wa dada yangu Arua, ana miaka 19, aje anisaidie kuuza. Miezi miwili ya kwanza hakuna shida, sasa vitu vinapotea. Jumatano asubuhi naamka nakuta simu yangu imetuma laki sita na arobaini kwa fundi mmoja wa Mbale. Namfahamu, ila sidaiwi naye hata shilingi. Alhamisi taa mbili za Premio hazipo, na mteja ananiapia kwamba nimemuuzia mimi mwenyewe, tena kwa bei ya kutupa. Ufunguo wa droo nalala nao shingoni! Naona kijana amekula njama na hawa watu. Swali langu ni moja tu: mwenyekiti wa mtaa (LC1), polisi, au nimrudishe kwa mama yake? Nimechoka jamani, hata usingizi siupati vizuri.

Chapati Mbili, saa 3:22 usiku
Kijana wa miaka 19 aibe laki sita akiwa Kampala halafu azitume Mbale kwa fundi? Zingeishia baa za Kabalagala kabla ya Ijumaa. Huyo ama ni malaika ama siye.

Mama Zulfa wa Bombo, saa 3:40 usiku
Watoto wa ndugu ni mtihani, mwanangu. Mimi nilikaa na mdogo wa shemeji yangu, sukari ikawa inaisha kila siku ya nne. Nikamchapa maneno, nikamnyima chai, nikafungia kopo kabatini. Kumbe anayemaliza ni mama mkwe, alikuwa anachota na kijiko cha dawa usiku watu wamelala. Yule kijana sasa ana watoto watatu na bado akija kwangu hagusi kikombe.

Nesi wa Zamu, saa 4:05 usiku
Kaka pole. Nikuulize jambo la pembeni. Unasema usingizi hupati. Unatumia nini kulala?

Mzee Vipuri, saa 4:09 usiku
Dada, sikuja kuzungumzia usingizi. Ni vidonge tu vya kawaida. Nimeuliza habari ya mpwa.

Nesi wa Zamu, saa 4:10 usiku
Vya kawaida vina majina.

Dereva wa Malaba, saa 4:31 usiku
Dawa za usingizi mnazitaja hivi hivi? Miaka hiyo nilikuwa napeleka kontena kutoka Mombasa, nikaingia baa moja njiani na dada mmoja mcheshi sana. Chupa ya pili nakumbuka. Ya tatu sikumbuki. Nilizinduka mchana nimelala chini ya trela, sina viatu, sina simu, na turubali halipo. Turnboy anasema nililifungua mwenyewe, nikamkunjia mtu vizuri nikamkabidhi, nacheka! Kule pwani waliita bugizi, siku hizi watu wanasema kuwekewa mchele. Rohypnol ile, mpaka kampuni ikaongeza rangi ya bluu ili ionekane ikitiwa kwenye kinywaji. Mzee, chunguza soda zako.

Mlokole Ntinda, saa 5:00 usiku
Huo ni mkono wa adui. Kusanya nyumba nzima, fungeni siku tatu.

Mzee Vipuri, Jumatatu saa 8:47 usiku
jamani nawapenda wote humu nimemsamehe kijana ni damu yangu kesho njooni dukani soda juu yangu wote hata dereva turubali ntakununulia mpya walahi

Mzee Vipuri, Jumatatu saa 2:15 asubuhi
Naona hamjanijibu la maana. Kijana simsamehi, hilo lieleweke. Na sasa nimegundua anaiba hata dawa zangu. Jumamosi jioni nilihesabu vidonge 40 nikafunga kwenye droo. Leo ni 31. Mimi nameza kimoja kila usiku, basi.

Nesi wa Zamu, saa 2:40 asubuhi
Kaka, vidonge gani, na umevipata wapi? Bila hilo siwezi kukusaidia hata kwa habari ya mpwa.

Mzee Vipuri, saa 3:02 asubuhi
Sawa. Ni kama Xanax, ile dawa ya wasiwasi. Nilianza na nusu baada ya wezi kuvunja duka mwaka jana, nilikuwa nasikia mlango unagongwa usiku kucha. Kuna jamaa anaviagiza kwa intaneti, vinakuja kwenye mfuko wa nailoni. Ni virefu vyeupe vyenye mikato mitatu. Mfuko una kibandiko: bromazolam, kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Jamaa alinieleza hayo maandishi ni ya kuwapumbaza watu wa forodha. Na vingekuwa vibaya, ningekuwa nafungua duka saa 12 asubuhi kila siku? Halafu kwa kijana mmechelewa, nilishaenda kwa mwenyekiti Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilimpandisha basi la Arua. Nilitaka tu kujua kama nilifanya sawa.

Hakimu wa Katwe, saa 3:20 asubuhi
Hapo nimefika. Uzi wa kutunga huu. Anauliza amfukuze mtu aliyekwisha kumfukuza. Saa nane usiku amemsamehe, asubuhi hamsamehi. Vidonge vimehesabiwa Jumamosi jioni, mwizi kapanda basi Jumamosi asubuhi. Kaibaje, kwa kamba kutoka Arua? Mwandishi, ungepanga siku zako vizuri kwanza.

Chapati Mbili, saa 3:24 asubuhi
Hakimu kauwa 😂 Lakini soda zangu nazitaka.

Mzee Vipuri, saa 3:31 asubuhi
Soda gani?

Mzee Vipuri, saa 3:36 asubuhi
Hayo ya saa nane sikuandika mimi. Kijana ana nenosiri langu.

Hakimu wa Katwe, saa 3:38 asubuhi
Kila kitu kijana. Sinema.

Nesi wa Zamu, saa 4:10 asubuhi
Hakimu, kama ni hadithi basi nimepoteza nusu saa, nimeshapoteza nyingi zaidi humu. Ila hizo siku zisizolingana ndizo zinazonitisha. Dawa za jamii hii, kuanzia Valium ya miaka ya sitini, hukaza breki ya ubongo. Zikizidi, mtu anatembea, anaongea, anauza taa za Premio, anatuma pesa, ila ubongo hauhifadhi kitu. Na anajiona mzima kabisa. Anasahau kwamba ameshameza, anameza tena. Vidonge 9 kwa siku mbili, mzee, ufunguo uko shingoni mwako.

Na hii yako si alprazolam ya famasia, yaani Xanax halisi. Bromazolam ilitengenezwa maabara miaka ya sabini, haijawahi kuidhinishwa kuwa dawa ya binadamu nchi yoyote. Umoja wa Mataifa uliiweka kwenye orodha ya kudhibitiwa 2024, kama ulivyofanya kwa ndugu zake etizolam na flualprazolam 2020. Wakizuia moja, mafundi wanabadilisha kidogo muundo wake wanaleta nyingine. Kinachoandikwa kwenye kibandiko si lazima ndicho kilichomo, na kidonge kimoja chaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya mwenzake wa mfuko huohuo. Je, unakunywa pombe?

Mzee Vipuri, saa 4:15 asubuhi
Glasi moja ya waragi, jioni tu.

Nesi wa Zamu, saa 4:16 asubuhi
Moja unayoikumbuka. Waragi na hivi vidonge pamoja ndivyo vinavyomzimia mtu pumzi usingizini. Tramadoli, ile dawa ya maumivu, vilevile.

Mswahili Glasgow, saa 4:50 asubuhi
Nesi anasema kweli. Huku Scotland vidonge vya bluu wanauza barabarani kama Valium, vikipimwa ni etizolam au kingine kabisa. Mwaka 2020 walikufa watu 1,339 kwa dawa za kulevya, na wengi walikuwa wamechanganya. Jirani yangu wa ghorofani alikuwa akinigongea kuomba chumvi. Nampa, anashukuru. Dakika kumi, anagonga tena, chumvi. Nilidhani ananitania, siku moja nikamfokea. Nikienda dukani bado nanunua pakiti mbili.

Dereva wa Malaba, saa 5:05 asubuhi
Mzee, na polisi usiende na huo mfuko. Mahakama ya Katiba ilifuta sheria ya zamani ya dawa za kulevya 2023, Bunge likatunga nyingine mwaka huohuo. Wataanza na wewe.

Mzee Vipuri, saa 5:20 asubuhi
Basi imetosha. Vyote namwaga chooni sasa hivi. Kesho nitakuwa mtu mwingine, mtaona.

Nesi wa Zamu, saa 5:21 asubuhi
Usimwage! Umetumia tangu mwaka jana. Ukikata ghafla unaweza kuanguka kifafa ambacho hujawahi kuwa nacho, na kinaua. Hivi hupunguzwa polepole chini ya daktari, mara nyingi kwa kuhamishiwa diazepamu, ndiyo Valium, ambayo hutoka mwilini taratibu. Hospitali ya Butabika wana kitengo cha pombe na dawa, nenda leo, nenda na mfuko na kibandiko chake. Usiendeshe gari. Waragi iache. Hapo ulipo uko na nani?

Mzee Vipuri, saa 5:26 asubuhi
Peke yangu. Kijana si yuko Arua.

Hakimu wa Katwe, saa 5:30 asubuhi
Kama ni kweli, mimi niko Katwe na nina boda. Nitumie ujumbe wa faragha duka liko wapi. Kama ni uongo, utanilipa mafuta.

Nesi wa Zamu, saa 5:31 asubuhi
Mtumie. Na wakati unamsubiri, mpigie dada yako umweleze habari ya mwanawe. Halafu rudi uniambie amesemaje.

Mzee Vipuri, saa 5:44 asubuhi
Nimempigia. Anauliza mbona leo nampigia mara ya tatu.