Je, Anakin Skywalker ana tatizo la haiba, au tunamhesabia vigezo tu?

Msomaji wa Saikolojia
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mwaka 2011 madaktari wa akili wa Ufaransa walichapisha hoja katika jarida la kitaalamu kwamba Anakin Skywalker, kijana wa Star Wars anayeishia kuwa Darth Vader, anatimiza vigezo sita kati ya tisa vya tatizo la haiba (yaani la hulka ya mtu) liitwalo bodalaini, ambalo hisia na mahusiano ya mtu hayatulii, ilhali vitano vinatosha. Je, utambuzi wa namna hii una uzito wowote, au ni mchezo wa wasomi?

Muuguzi Mstaafu
Uzito unao, ingawa si ule wa cheti cha daktari. Litazame onyesho la karakana katika filamu ya Star Wars ya 2002. Padmé, mpenzi wake, anamletea Anakin chakula, naye Anakin ameinamia kifaa kilichovunjika, akisema kwamba maisha huwa mepesi mtu anapotengeneza vitu. Punde si punde anaapa kuwa Jedi (shujaa mwenye nguvu za ajabu) kuliko wote kwa nguvu, anamlaumu mwalimu wake Obi-Wan kwamba anamwonea wivu na kumzuia asipande, ilhali ndiye anayemheshimu kama baba, anavurumisha kifaa, anakiri kuwaua Watusken, kabila la jangwani lililomteka mama yake, pamoja na wake na watoto wao, kisha anaketi sakafuni akilia. Orodha ya vigezo humpa mwanafunzi majina ya dalili, lakini haimwonyeshi jinsi dalili moja inavyoizaa nyingine. Kwa kufundishia, onyesho hilo nalithamini.

Mpenda Sinema
Naomba kutofautiana nawe, dada yangu. Tatizo la haiba halipimwi kwa siku mbaya za mtu. Linadai mwenendo wa kudumu unaojitokeza katika mazingira mbalimbali. Huyu alizaliwa mtumwa, akamwacha mama yake utumwani kwenye sayari ya Tatooine akiwa na miaka tisa, akaota mama anateseka, na alipomfikia, mama akamfia mikononi. Alipoanza kuota kwamba Padmé naye atafariki akijifungua, kwa nini tuuite woga wake ugonjwa, wakati ndoto ya kwanza ilitimia? Isitoshe, pembeni yake yupo Palpatine, mtawala mwovu anayeuchochea woga huo kwa makusudi. Daktari angetaka kujua Anakin anaishije wiki ambayo hakuna lolote lililotokea, na wiki hiyo mtengeneza filamu haipigi picha. Tena katika filamu ya 1999 ni mtoto mchangamfu na mkarimu.

Mwanafunzi wa Udaktari
Hoja ya utoto haitoshi, kwa kuwa tatizo hili kwa kawaida hujitokeza kuanzia ujana. Mimi kinachonisumbua ni kingine: miongoni mwa vigezo ambavyo Anakin havitimizi kimo cha kujidhuru au kujaribu kujiua, ambacho ndicho huwafikisha wagonjwa wengi hospitalini. Mtazamaji ataondoka akidhani kwamba mwenye bodalaini ni muuaji, ilhali wengi wao hatari kubwa wanaielekeza kwao wenyewe. Kama shabaha ni kufundisha, ningependekeza filamu ya Girl, Interrupted ya 1999, iliyotokana na kumbukumbu za Susanna Kaysen, ambaye alilazwa mwaka 1967 katika hospitali ya McLean, Marekani, na kupewa utambuzi huohuo. Humo mgonjwa mwenyewe anapata nafasi ya kuuhoji.