Nimepimwa mwili mzima sehemu kumi na moja, wakaniletea saizi 50 ya rafuni: hii "twidi ya kushonewa" ni wizi mtupu

Wakuu, naandika nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo nikiruka herufi mtanisamehe. Jina la duka silitaji kwa sasa kwa sababu madai yangu yako benki na sitaki kuwapa pa kunishika. Mbinu yao ndiyo nataka kuianika hapa, maana imepangwa kwa akili sana na sidhani kama mimi ndiye wa kwanza kuingizwa mjini.

Rafiki yangu aliniomba nimsimamie kwenye harusi yake. Yeye mwenyewe akaamua kwamba siku hiyo ni suti ya twidi, kile kitambaa kizito cha sufu: koti, kizibao na suruali, rangi ya kahawia, mistari ile ya mifupa ya samaki. Twidi nilikuwa naijua kwa picha tu, za wawindaji wa Uingereza na maprofesa wenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Nikaingia mtandaoni, nikaangukia duka lenye picha safi na video ya mzee mwenye ndevu akifuma kwenye kitanda cha mfumi. Maelezo yao nimeyahifadhi kwa picha za skrini, nanukuu: "Sufu halisi asilimia 100, gramu 500 kwa mita, mtindo wa Harris, inashonwa kwa vipimo vyako peke yako."

Hapo penye "mtindo wa Harris" ndipo nilipotakiwa kusimama. Nimekuja kusoma baadaye, maji yameshamwagika. Harris Tweed inalindwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1993. Kitambaa hakiruhusiwi kuitwa hivyo mpaka kiwe kimefumwa kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides kule Uskoti, tena majumbani mwao, kwa sufu mpya iliyotiwa rangi na kusokotwa humo humo visiwani. Kikipita ukaguzi kinagongwa muhuri wa tufe lenye msalaba juu. Sasa hawa jamaa hawakusema ni Harris, walisema ni "mtindo wa", na pembeni wakaweka kaduara fulani kanakofanana na ule muhuri ukikatazama kwa haraka. Mimi nilikatazama kwa haraka.

Tuje kwenye vipimo. Fomu yao ilitaka sehemu kumi na moja. Mke wangu akashika futi ya fundi, mimi nikasimama katikati ya sebule kama sanamu jioni nzima. Kifua, tumbo, nyonga, bega hadi bega, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, shingo, urefu wa koti, paja, mguu kwa nje, mguu kwa ndani. Kifua changu ni sentimita 107, tumbo 96 (msicheke). Mkono wa kulia umezidi wa kushoto kwa sentimita moja na nusu, na bega moja limeshuka kwa miaka mingi ya kubeba begi upande huo. Hilo nalo nililiandika, kulikuwa na kisanduku cha maelezo ya ziada. Tukapima mara mbili. Tumbo mara tatu, kwa sababu mke wangu alinituhumu kwamba nabana pumzi.

Chini kabisa ya fomu kulikuwa na kimstari: "Kwa kuwa bidhaa inatengenezwa kwa vipimo vyako binafsi, hairudishwi." Nikaweka tiki. Niliona ni haki yao, nani mwingine atanunua suti yenye mkono mmoja mrefu? Kishikeni hicho kimstari, tutakirudia.

Waliahidi siku 21. Zikapita, zikapita 30, kila nikiuliza naambiwa "suti yako iko mikononi mwa fundi". Ukurasa wa kufuatilia mzigo ukakaa neno moja, "inaandaliwa", kwa wiki tano. Siku ya 47, harusi ikiwa keshokutwa, boksi likafika.

Niliponyanyua tu lile boksi moyo ukashuka. Jepesi! Lebo ya msafirishaji ilisema kilo 1.1, na hapo ni pamoja na boksi lenyewe, hanga na makaratasi. Piga hesabu nami. Suti ya vipande vitatu kwa mtu wa mwili wangu inakula mita tatu na nusu hivi za kitambaa cha upana wa kawaida. Kwa gramu 500 kila mita, hicho kitambaa kabla hakijaguswa na mkasi ni kilo 1.75. Toa vipande vinavyobaki mezani kwa fundi, halafu ongeza bitana, vifungo na zipu. Haiwezi kuwa kilo moja, labda kama kizibao wamekisahau. Hawakukisahau, kilikuwemo.

Nikavaa. Koti likagoma kufunga kifuani, likafunga kwa kulazimisha, kisha likajikunja pale kwenye kifungo likatengeneza herufi X. Suruali sitaki kuizungumzia. Mikono yote miwili urefu sawa, sentimita 63, wakati wa kulia niliandika 66. Mke wangu akaniangalia kwenye kioo, akasema, "Baba watoto, hii ni ya mdogo wako." Sina mdogo wa kiume.

Kesho yake asubuhi nikambebea fundi wangu, mzee ambaye ameshona tangu kabla sijazaliwa, nikitegemea atafumua hapa na pale. Hata hakuivaa miwani. Aligeuza upindo wa koti ndani nje, akauweka karibu na dirisha, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, hii imechapwa."

Sikumwelewa. Akanionyesha. Ile mistari ya mifupa ya samaki kwenye twidi ya kweli inatokana na namna nyuzi zinavyopishana kwenye ufumaji, kwa hiyo ukigeuza kitambaa unaiona upande wa pili pia. Hii yangu nje ina mistari, ndani ni kahawia iliyopauka, imenyooka kama ukuta. Yaani wamechukua kitambaa cha kawaida wakakichapa picha ya twidi juu yake! Kama kanga, isipokuwa kanga haikudanganyi kuwa ni kitu kingine.

Akachomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, akauwasha kiberiti. Sufu ukiichoma inanuka nywele zilizoungua, moto unazima wenyewe ukiuondoa, na majivu yanasagika vidoleni. Ule uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu na harufu ya ndoo ya plastiki. Mzee akakiweka kile kidonge kiganjani mwangu bila kusema neno. Ninacho mpaka leo kwenye bahasha, nimekipiga picha.

Kola nayo imegandishwa kwa gundi. Aliipitishia pasi ya mvuke kidogo tu, ikavimba malengelenge. Hilo peke yake nisingelilalamikia sana, suti nyingi za bei nafuu zinagandishwa na watu wanazivaa. Lakini walichoandika wao ni "turubai ya ndani iliyoshonwa kwa mkono", yaani kile kitambaa kigumu cha katikati kinacholipa koti umbo, kishonwe kwa uzi badala ya gundi. Vifungo vya mkononi walidai vinafunguka, kumbe ni urembo, hakuna hata tundu.

Sasa sikieni kilichonitoa machozi. Mzee aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, kushoto, akahisi kitu chini ya bitana. Kulikuwa na kilebo kidogo cheupe, kimeshonewa ndani kabisa ambako mteja hawezi kutazama. Kimeandikwa 50. Chini yake: poliesta 70%, viskosi 25%, sufu 5%.

Kwa wasiojua, saizi za makoti ya Ulaya bara ni nusu ya mzunguko wa kifua. Hamsini maana yake ni kifua cha sentimita 100. Na suruali inayoambatana nayo kwa kawaida inakatwa kwa kiuno cha 88 hivi. Mimi ni 107 kwa 96. Hata kama wangenichagulia rafuni kwa nia njema, ningekuwa 54. Hawa hawakusoma fomu yangu kabisa. Walichukua iliyobaki stoo!

Ndiyo nikaelewa ile fomu ilikuwa ya nini. Kule Umoja wa Ulaya, ambako duka linadai limesajiliwa, mtu akinunua kitu mtandaoni ana siku 14 za kukirudisha bila hata kutoa sababu. Ni maelekezo yao namba 83 ya mwaka 2011. Lakini kuna vitu vimetolewa nje ya haki hiyo, na kimojawapo ni kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vya mteja mwenyewe. Mmeona? Vipimo kumi na moja havikuwa vya fundi. Vilikuwa vya kunifungia mlango. Unajipima jioni nzima, unajiona mteja wa maana, kumbe unasaini hati ya kutorudishiwa hela, halafu wao wanafungasha suti ya dukani ambayo ingekuwa na haki zote za kurudishwa. Na tena, hata suti iliyoshonwa kwa vipimo kweli, kama walisema sufu wakaleta poliesta, huo ni udanganyifu wa bidhaa, hakuna tiki inayoufuta.

Nikawaandikia. Jibu la kwanza likaja dakika hiyo hiyo, la mashine: pole kwa usumbufu. La pili: "Mteja mpendwa, twidi ni kitambaa cha asili, italainika na kufuata mwili wako baada ya kuvaliwa mara kadhaa." Sentimita saba, wakuu! Ifuate mwili kwa sentimita saba! Nikatuma picha ya kilebo. Likaja jibu la tatu, la mtu mwingine: namba ile ni "namba ya ndani ya uzalishaji" na haihusiani na saizi. Nikauliza, na hiyo poliesta asilimia 70 nayo ni namba ya uzalishaji? Kimya cha siku nne. Kisha wakanipa ofa: punguzo la asilimia 15 kwenye oda yangu inayofuata.

Oda inayofuata.

Inasimuliwa kwamba hata jina "tweed" lenyewe lilizaliwa kwa kosa, mfanyabiashara wa London aliposoma vibaya neno la Kiskoti "tweel" kwenye barua, miaka ya 1830 hivi. Sawa, yule alikosea kusoma mwandiko. Hawa 107 niliiandika kwa tarakimu, kwenye kisanduku chao wenyewe.

Harusini nilivaa suti ya kijivu niliyoazima kwa jirani. Wote kwenye picha ni kahawia, mimi peke yangu pale kulia kama mtu wa benki aliyekuja kudai mkopo. Bwana harusi alicheka, akasema yameisha. Mimi hayajaniishia.

Nilipofikia: nimefungua madai kupitia benki kwamba bidhaa hailingani na maelezo. Kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida zinatoa siku 120 kwa madai ya namna hii, ila benki yako inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi, kwa hiyo usikae ukibembelezana na huduma kwa wateja mpaka siku ziishe. Nimeambatisha ukurasa wa bidhaa, fomu yangu ya vipimo, lebo ya msafirishaji yenye uzito, picha ya kitambaa pande zote mbili, kilebo cha 50, na maelezo ya fundi kwa maandishi na sahihi yake. Bahati yangu nilipiga picha ule ukurasa siku ya kuagiza. Nimeuangalia juzi, "sufu halisi asilimia 100" imegeuka kuwa "mwonekano wa sufu".

NYONGEZA: Mdau aliyeuliza kwa nini sikuomba kwanza kipande cha kitambaa cha mfano, upo sahihi kabisa, na maduka yanayoshona kweli huwa yanatuma. Sikujua. Nimeshajitukana vya kutosha, tuendelee.

NYONGEZA 2: Wameongeza ofa, sasa watanirudishia theluthi moja ya hela na suti nibaki nayo. Nimekataa. Nataka yote, na gharama za kuirudisha juu yao.

Kama kuna mtu humu aliagiza suti "ya vipimo" mtandaoni, achukue koti lake sasa hivi, apapase chini ya bitana upande wa mfuko wa ndani wa kushoto, aone kama kuna kilebo, kisha anitumie picha faragha. Benki wameniambia mlalamikaji wa pili atasaidia. Na tafadhali msinishauri nimpelekee fundi aipanue. Mzee ameshaikataa, anasema hakuna kitambaa cha ziada kwenye mishono, na kwamba cherehani yake haijawahi kushona plastiki.