Mal'akh ni malaika au mjumbe? Na je, lina undugu na melekh?

Msomaji_wa_Aya: Mwanzo 32 mstari wa 1 una "malaika" wa Mungu, mstari wa 3 Yakobo anatuma "wajumbe" kwa Esau. Nimeambiwa Kiebrania kina neno moja tu hapo. Ni kweli? Na wanaosema linatokana na "mfalme" wana hoja?

Alefu_Tau: Ni kweli, pote pawili ni mal'akhim, wingi wa mal'akh. Ila ukifungua Biblia ya Kiebrania utafute 32:2 na 32:4, maana sura hiyo namba zake zimesogea moja mbele. Wengi hukwama hapo wakadhani wamepotoshwa.

Kuhusu mfalme, hapana. Melekh, "mfalme", ni herufi mem, lamed, kaf: מלך. Mal'akh lina herufi alef katikati: מלאך. Alef hiyo ni ya shina l-'-k, "kutuma". Mem ya mwanzo ni kiambishi cha kuunda nomino. Kitenzi chenyewe hakimo katika Biblia ya Kiebrania, lakini Kiugariti na Kigeezi, lugha za kale zenye undugu na Kiebrania, zinacho. Kosa la kuchanganya haya mawili ni la kale: 2 Samweli 11:1, penye "wafalme" kutoka kwenda vitani, maandishi yana alef ya ziada, na wasomaji huisoma wafalme hivyo hivyo.

Kwa matamshi, katisha sauti kidogo baada ya l, kisha umalizie na kh ya "kheri".

Mizizi_ya_Neno: Naongeza: mela'kha, "kazi" ya Mwanzo 2:2, ni ndugu yake. Ni shughuli ambayo mtu ametumwa, ndiyo maana ikawa kazi.

Msomaji_wa_Aya: Sasa nitajuaje ni yupi? Nikiona "mal'akh wa BWANA" niandike malaika?

Alefu_Tau: Usikimbilie. Hagai 1:13 inamwita nabii Hagai mal'akh wa BWANA, na Malaki 2:7 inamwita kuhani hivyo hivyo. Tazama kwanza nani katuma: Daudi katika 2 Samweli 11:4 katuma watu, basi ni wajumbe. Mtumaji akiwa Mungu, tazama anachofanya huyo aliyetumwa. Yule wa Waamuzi 13:20 anapaa ndani ya mwali wa madhabahu, hapo hakuna ubishi. Lakini katika mstari wa 6 mke wa Manoa bado anamwita "mtu wa Mungu". Mwonekano wake haukutosha kumtambulisha.

Malaki 3:1 ndipo penye kazi, kwa sababu mal'akhi, "mjumbe wangu", ndilo jina la kitabu chenyewe. Mimi ningeacha "mjumbe".

Mizizi_ya_Neno: Mgawanyo tulio nao wa malaika na mjumbe si wa Kiebrania. Kigiriki nacho kilibaki na angelos kwa wote. Katika Waraka wa Yakobo 2:25 neno hilo linawahusu wapelelezi waliopokewa na Rahabu. Kilatini ndicho kilichotenga nuntius kwa mtu na angelus kwa wa mbinguni, na hata hivyo Malaki 3:1 ya Kilatini ina angelum.

Sisi tulichukua "malaika" kutoka Kiarabu, ambako malā'ika ni wingi. Mmoja ni malak. Ndiyo maana kwetu malaika mmoja na malaika kumi hawatofautiani ila kwa upatanisho wa kisarufi. (Malaika ya mikononi, vile vinyweleo, ni habari nyingine.)